STATCOM kwenye tanuru la arki: imetulipa, ila si pale muuzaji alipotuambia

Nianze na hukumu, maana wengi mnatafuta hiyo tu. Kama kiwanda chenu kinayeyusha vyuma chakavu kwa tanuru la arki na gridi mnayotegemea si imara, nunueni STATCOM, yaani mtambo wa kielektroniki unaotuliza voltiji inayoyumba. Bei inauma, na joto la huku litawasumbua, lakini nunueni.

Mimi ni fundi umeme, mtu wa Mombasa, niko kwenye kiwanda cha chuma huku Oman. Ninashughulika na upande wa kilovolti 33, yaani kila kilichopo kati ya transfoma ya gridi na transfoma ya tanuru.

Kwa asiyewahi kuliona tanuru lenyewe: elektrodi tatu za grafiti hushushwa juu ya rundo la chuma chakavu, umeme unaruka kama radi ndogo (hiyo ndiyo arki), chuma kinayeyuka. Balaa iko mwanzoni, rundo likiwa bado baridi. Chuma kikiporomoka na kugusa elektrodi, ni shoti papo hapo. Kikiyeyuka na kuacha pengo, arki inakatika. Mkondo unapanda na kushuka ovyo, kila fezi kivyake, na voltiji ya mtaa mzima inayumba nao. Taa za majirani zinapepesa. Jicho la mtu hukerwa zaidi na mpepeso wa karibu mara 9 kwa sekunde, na mayumbo ya tanuru yanaangukia humo humo. Kipimo chake ni Pst, kinachosomwa kila dakika 10. Ikifika 1, watu wameanza kuudhika.

Zamani tulikuwa na SVC, mtambo wa zamani zaidi wa kazi hiyo hiyo, unaotumia swichi za kielektroniki ziitwazo thairista. Siitukani, pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) iliipandisha vizuri. Tatizo ni kwamba thairista huwashwa mara moja tu katika kila nusu ya wimbi, na kwa umeme wa hezi 50 nusu ya wimbi ni milisekunde 10. SVC ikishajibu, arki imeshahamia kwingine. Ukiipata ikipunguza mpepeso kwa nusu, shukuru. STATCOM hutumia transista za IGBT, swichi za kielektroniki zinazowaka na kuzima mara nyingi ndani ya wimbi moja, kwa hiyo inaikimbiza arki kwa karibu. Wala si teknolojia ya majaribio: kule Hagfors, Uswidi, kiwanda cha chuma kilifungiwa mtambo wa namna hii mwaka 1999.

Muuzaji alituhubiria faini za gridi na mpepeso. Kweli, Pst imeshuka na simu za malalamiko zimepungua. Lakini faida kubwa iko ndani ya tanuru lenyewe. Nguvu inayoingia kwenye arki hufuata mraba wa voltiji: voltiji ikilegea kwa asilimia 5, umepoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, tena wakati ule ule unapoihitaji. Sasa voltiji inasimama. Chuma kinayeyuka haraka, joto linalopotea ukutani ni dogo, na elektrodi haziliki kama zamani. Waliotangulia kuligundua hilo ni wayeyushaji, watu ambao habari za umeme hata hawazitaki.

Nisichokipenda ni upoozaji. IGBT hupozwa kwa maji yaliyoondolewa chumvi, na kiangazi cha huku hupita digrii 45 kivulini. Radieta za nje zinaziba vumbi, pampu zinalalamika, kengele zinalia usiku. Vumbi la tanuru lina chuma ndani yake, likiingia kwenye makabati ya umeme ni shari, kwa hiyo chumba lazima kisukume hewa safi kwenda nje muda wote. Halafu programu imefungwa kwa nywila ya muuzaji. Kubadilisha kijimpangilio kidogo unasubiri mtu wao ajibu. Hilo liwekeni kwenye mkataba kabla ya kutia saini.

Na asiwadanganye mtu kwamba filta, zile saketi za kapasita na koili za kunasa mawimbi machafu ya umeme, hazihitajiki tena. Arki ya chuma kinachoyeyuka hailingani pande mbili za wimbi, hivyo inatoa harmoniki (mawimbi machafu yenye kasi mara kadhaa ya hezi 50) ya 2, 3 na 4, si 5 na 7 peke yake. Ukifunga filta ya 5 tu bila hesabu, inaweza kuingia mwangwi na gridi kwenye harmoniki za chini yake na kuzikuza, na kapasita zikakupasukia.

Kabla ya kutoa hela, hakikisheni kwanza mtambo wa kupandisha na kushusha elektrodi unajibu haraka, slagi (taka iliyoyeyuka inayoelea juu ya chuma) inatoa povu la kutosha kuifunika arki, na chuma chepesi kinapakiwa juu ili elektrodi zitoboe kwa urahisi. Haya ni ya bei nafuu, na yanatuliza arki kweli.

Ndugu zangu wa Kenya na Tanzania mnaotumia tanuru la indaksheni, linaloyeyusha kwa koili ya sumaku bila arki, hii haiwahusu sana. Shida yenu ni harmoniki za 5, 7, 11 na 13 kutoka kwenye rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC. Filta zilizopimwa vizuri, au rektifaya ya palsi 12, zitawatosha kwa sehemu ndogo ya hela hii.