Kisanduku kimoja cha kutafutia: uzoefu wangu kwenye maktaba ya chuo, Moshi

Nasoma uzamili hapa Moshi na utafiti wangu unahusu chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa ya arabika. Maktaba ya chuo chetu ina kisanduku kimoja kinachopekua katalogi, majarida na vitabu vya kielektroniki kwa mpigo. Zana za namna hii zipo kadhaa, kama Summon, Primo na EBSCO Discovery Service. Mimi naongelea tunayotumia sisi, jinsi ilivyopangwa kwetu.

Kwa kasi sina lawama. Mifumo ya zamani ilipeleka swali kwenye kila kanzidata kisha ikasubiri, moja ikichelewa unazingoja zote. Hii ina faharasa, yaani orodha ya kutafutia, iliyokusanywa mapema kutoka kwa wachapishaji, kwa hiyo hata kwa bando la simu majibu yanawahi.

Shida ni wingi wake. Andika kwa Kiingereza "kahawa" na "ugonjwa" tu, utaletewa kutu ya majani ya Brazil pamoja na moyo wa wanywaji kahawa wa Ulaya! Dawa yake niliipata kwenye jina la kisayansi la kuvu, Colletotrichum kahawae, ndani ya alama za mtajo, halafu nikachuja zibaki makala zilizopitiwa na wataalamu. Chulebuni ipo Afrika pekee, kwa hiyo Brazil karibu yote ikaondoka yenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni tasnifu za vyuo vya hapa nchini. Zimewekwa wazi mtandaoni, lakini kisanduku hakizioni. Mkutubi alinieleza kwamba hazina ya chuo, yaani tovuti inayohifadhi tasnifu zake, isipounganishwa na faharasa, kwa zana hiyo ni kama haipo. Basi nazipitia hazina hizo moja moja, kazi ambayo kisanduku kilipaswa kunipunguzia.

Kiungo cha makala kamili nacho kina vituko: mara nyingine kinakutupa kwa mchapishaji anayedai dola. Usilipe. Fungua kwanza AGORA, mpango wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) ulioanza 2003 kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo bure au kwa bei nafuu. Makala kadhaa nilizodaiwa hela nilizikuta humo.

Kwa kuanza mada mpya naipendekeza zana hii. Ukiwa nyumbani, ingia kwa akaunti ya maktaba kabla ya kutafuta, maana ukiingia kama mgeni baadhi ya matokeo hayaonyeshwi.