Zahanati ya watoto Temeke: huduma kwa mtoto aliyepata degedege la homa

Zahanati hii inastahili sifa, hasa kwa namna inavyowapokea wazazi ambao mtoto wao amepatwa na degedege linalotokana na homa. Binti yetu wa miezi 14 alipofikishwa, akiwa ameshatulia lakini bado amelegea, muuguzi alimlaza ubavu, akampima joto na sukari, kisha akamtoboa kidole kwa kipimo cha malaria kabla ya mtu yeyote kutaja malipo.

Thamani kubwa zaidi ilikuwa katika maelezo ya daktari, ambaye alitueleza bila haraka kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watatu hupatwa tena, na kwamba kwa aliyeanza kabla ya kutimiza mwaka uwezekano hukaribia nusu, huku historia ya degedege kwa wazazi au ndugu zake ikiuongeza. Parasetamoli humpa mtoto nafuu, alisema, lakini haijathibitika kuzuia degedege lisirudi. Likirudi, tusimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, tutazame saa, na likizidi dakika 5 tumkimbize hospitali. Bibi yake, aliyekuwa akiwazia kumfukiza, aliamkiwa kwanza, ndipo akaambiwa, "Mama, hili ni la homa, na wengi huliacha wakishapita miaka mitano." Nilimwona akishusha pumzi.

Kasoro ni moja: karatasi ya maelekezo tuliyopewa imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayeshinda na mtoto nyumbani ni bibi.