Spika tano za Luthuli, na kijana wa kaunta aliyekataa kuweka DVD yangu

Nimenunua hom thieta ya spika tano na sabufa kwenye duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi, na hasira bado ninayo. Mtambo wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kijana wa kaunta.

Nilimwambia mapema kwamba sinunui kwa ajili ya sinema. Nataka muziki wa saraundi: waimbaji wawe mbele, ngoma zinijie ubavuni, makofi ya watu yatoke nyuma ya kochi. Nilikuwa nimebeba DVD ya kwaya iliyorekodiwa kwa chaneli sita, yaani njia sita za sauti, moja kwa kila spika na moja ya sabufa. Akaitazama, akairudisha juu ya kaunta. Akaunganisha simu yake kwa Bluetooth, akaweka wimbo autakao yeye, akapandisha besi mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. "Boss, si unasikia zote zinalia? Unataka nini tena?"

Zote zinalia! Bluetooth ya simu hupeleka chaneli mbili, kushoto na kulia. Spika za nyuma zilikuwa zikirudia yaleyale ya mbele. Nilipomweleza hivyo, akamgeukia mteja mwingine: "Huyu mzee amekuja kutufundisha kazi." Mbele ya watu, na mimi nimeshika simu tayari kumlipa! Nililipa kwa sababu bei ilikuwa ya haki, nikaondoka bila kuaga.

Njiani niliapa kwamba muziki wa saraundi hauna soko Nairobi. Wengi wetu tumepanga, ukuta ni mmoja na wa jirani, mwenye nyumba hataki misumari, na waya wa spika za nyuma utapita wapi ikiwa mlango uko papo hapo? Nyimbo zetu, benga kwa injili, karibu zote ni stirio, chaneli mbili tu. Hata ng'ambo walishaanguka. Miaka ya 1970 walileta kwadrafoniki ya chaneli nne, kila kampuni na mfumo wake, SQ, QS, CD-4, na mifumo haipatani, wanunuzi wakachoka. Kufikia 2000 wakaanza mvutano uleule kwa diski za SACD na DVD-Audio.

Usiku nikaweka ile DVD. Jamani! Waimbaji wa sauti ya tenori walikuwa kushoto kwangu, wa besi kulia, na mwitikio wa ukumbi ukanifunika kutoka nyuma. Nilimsikia mwimbaji mmoja akivuta pumzi. Mke wangu aliacha sufuria jikoni akaja kuketi. Wala sikuhitaji kupandisha sauti, kwa hiyo jirani hakugonga ukuta.

Basi nusu ya kiapo changu naifuta. Wasikilizaji wapo: tangu 2021 Apple Music inatoa nyimbo za Dolby Atmos, mfumo wa saraundi, na vijana wanazisikia kwa vipokea sauti vya masikioni. Wangezitaka sebuleni pia, kama kuna duka lingewakalisha dakika tano na wimbo uliotengenezwa kwa saraundi. Badala yake wanahesabiwa spika na kutetemeshewa kabati. Hao wauzaji ndio wanaoua soko lao wenyewe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko matusi.

Mtambo nunueni, ikiwa mna nafasi nyuma ya kochi. Hapana, nunueni hata kama hamna, kochi lisogezwe. Lakini bebeni diski yenu, na msitoe hata shilingi kabla haijawekwa. Duka lile mimi sirudi, hata wanipe waya bure.