Lady ya Zamani Nimeifungua, Lady Mpya Nimeikalia

Haya, karibuni tena karakanani. Leo sizunguki, maana vitu vyenyewe mnaviona hapo nyuma yangu: makochi mawili ya mtu mmoja mmoja, sura ile ile, mapacha kabisa. Ila pacha mmoja ana umri wa mama yangu, na mwingine bado ananukia duka.

Wenyewe ni mke na mume wa hapa Brianza, kaskazini ya Milano. La zamani mume kalirithi kwa bibi yake. Jipya wamelinunua wenyewe, wanataka yakae mawili mbele ya dirisha. Basi wameniletea la zamani nilivishe upya, na jipya wameniachia siku mbili nilinganishe kitambaa na ugumu wa sponji. Nikaomba ruhusa niwashe kamera. Wakacheka, wakasema washa. Kwa hiyo mjue mapema: kiwanda hakijanipa hata senti moja. Mimi nimelipwa kushona.

Kochi linaitwa Lady. Alilichora Marco Zanuso, msanifu majengo wa Milano, na mwaka 1951 likapata medali ya dhahabu kwenye Triennale, maonyesho ya usanifu ya pale Milano. Enzi hizo lilikuwa linatengenezwa na Arflex. Hili jipya ni la Cassina, kiwanda cha Meda, hapo jirani tu, ambao walilirudisha sokoni mwaka 2015.

Tazameni mkono wake. Subirini nisogeze taa. Mnaona? Hauna pembe hata moja, umejikunja kama korosho. Mgongo nao umepinda kidogo ukushike mabegani, na mzigo wote huo umebebwa na vimiguu vya chuma vyembamba kama vya korongo. Ukilitazama hivi utasema hili ni kochi la urembo tu. Nami nilisema hivyo hivyo, na ilinigharimu.

La kwanza la aina hii kunifikia, miaka ya nyuma, nililishika kama nilivyofundishwa Tanga: pindua, chana kitambaa cha chini, ng'oa pini, panda juu. Nikachana, nikachana, mpaka nikafika pale mkono unapokutana na kiti, nikakuta skrubu. Kumbe mkono wote ungetoka mzima mzima na nguo zake mwilini, bila kugusa uzi! Nikamlipa mwenyewe kitambaa, na aibu juu.

Maana Lady ni vipande vinne: kiti, mgongo, na mikono miwili. Kila kipande kinajazwa na kuvishwa peke yake mezani, huyu ana mgongo, yule ana mkono, kazi inakwenda pamoja. Mwishoni ndipo vinafungwa kikawa kitu kimoja. Kochi la kabla ya hapo fundi mmoja alilihangaikia tangu fremu mpaka kifungo cha mwisho. Hili lilizaliwa likiwa tayari kwa kiwanda.

Na tumboni je? Wenzangu wa pwani mnayakumbuka magodoro ya sufi, na yale ya usumba yaliyokuwa yanakwaruza mgongo. Kwetu lilianikwa juani, likapigwa na fimbo, likafumuliwa, sufi ikachambuliwa upya kwa sababu imeshagandamana. Kazi ya siku nzima, na chafya juu yake. Basi Wazungu nao walikuwa huko huko: manyoya ya farasi, springi, kamba, gunia. Halafu Pirelli, hawa hawa wa matairi, wakawa na povu la mpira mkononi, wanatafuta litatumikaje kwenye samani. Mwaka 1948 wakampa Zanuso alichunguze. Arflex yenyewe ilizaliwa katika harakati hizo.

Springi akazitupa. Mahali pake akaweka mikanda ya mpira yenye nyuzi ndani, utaalamu ule ule wa tairi. Sasa mikanda hii ukimwonyesha fundi yeyote wa Keko pale Dar, au wa Gikomba kule Nairobi, atakucheka. Vipande vya tubu la gari tumesukia vitanda na viti tangu lini? Wazo ni ndugu moja. Ila huku mwenye kiwanda cha mpira mwenyewe ndiye aliyemwita msanifu.

Haya, tufungue la zamani. Mkono wa kushoto nimeshautoa, huu hapa. Kitambaa hiki si cha mwanzo, kuna fundi alishapita, naona safu mbili za matundu ya pini. Nakunja... sogeza kamera kidogo... hii ndiyo sponji ya zamani. Ilikuwa nyeupe yenye manjano kidogo, sasa ni kahawia kama sukari guru. Nikiibonyeza, sikilizeni. Mmesikia? Inavunjika kama biskuti. Povu la mpira likizeeka linakauka, linageuka unga, na unga huo ndio uliojaa kwenye kopo hili. Mkanda huu wa kiti nikiuvuta haurudi. Huu mwingine umeshakatika. Fremu lakini... ngo, ngo. Nzima. Mbao haina shida.

Kuna watu, na wengi wana pesa zao, hawataki kusikia habari ya toleo jipya. Wanataka la zamani, "la asili", wanalifuata mpaka mnadani. Sawa. Ila kulikalia hili kama lilivyo ni kukalia ubao na vumbi. Mimi nitaingiza sponji mpya, mikanda mipya, kitambaa kipya. Nikimaliza, la asili itakuwa fremu na miguu, tumbo litakuwa na umri wa wiki mbili. Kwa hiyo ukiniuliza kama toleo la 2015 ni "la kweli", nakujibu kwamba kilichovumbuliwa mwaka 1951 ni namna ya kulijaza na kulifunga. Namna hiyo ipo kwenye jipya. Kuwa wamebadilisha povu la zamani wakaweka poliurethani, yaani sponji ya kisasa, ambayo leo inapatikana kwa ugumu tofauti tofauti, hilo halinisumbui hata kidogo. Zanuso mwenyewe alianza kwa kutupa manyoya ya farasi.

Nimelikalia jipya jana jioni, karibu saa nzima, na kahawa yangu. Kiti kinakataa kidogo mwanzoni, kisha kinakubali. Sipendi makochi yanayokumeza mpaka uombe mkono ili uinuke, na hili halimezi. Mikono iko pale pale kiwiko kinapotaka kutua. Chini fagio linapita bila kuinama, wenye nyumba ndogo mtanielewa. Kasoro yake ni kwamba mgongo unaishia mabegani, hakuna pa kulaza kichwa. Ukiwa mtu wa kusinzia mbele ya taarifa ya habari, shingo itakudai asubuhi.

Na bei. Hapo ndipo ninaponuna. Tunazungumzia maelfu ya euro kwa kiti cha mtu mmoja. Nchi ilikuwa imetoka vitani, Milano ilipigwa mabomu vibaya mwaka 1943, watu wanahamia nyumba ndogo, na wasanifu hawa wakakaa wakatafuta namna ya kutengeneza vitu vizuri kwa wingi kiwandani. Leo vitu vile vile vinawekwa dirishani vimulikwe taa kama dhahabu ya bibi harusi. Najua kitambaa kizuri ni ghali, najua mshahara wa fundi wa hapa, mimi mwenyewe naupokea. Hata hivyo nanuna.

Kuna samani nyingine za Kitaliano za baada ya vita, zilizorudishwa sokoni, mmekuwa mkiniuliza, nizipitie haraka.

Kiti cha Superleggera cha Gio Ponti, msanifu mwingine wa Milano. Hii si toleo lililofufuliwa hasa, maana Cassina waliianza mwaka 1957 na ingali inatengenezwa. Kilo 1.7! Mtoto anainyanyua. Miguu yake ukiikata msumeno utakuta pembetatu, upande mmoja milimita 18 tu. Ponti aliiga wepesi wa viti vya Chiavari, mji wa pwani ya Liguria wenye mafundi wake tangu zamani, akaendelea kupunguza mbao mpaka hapakuwa na cha kupunguza. Kiti kimesukwa kwa henzirani, na mkono wa msukaji unaonekana. Mwenye jicho la Lamu au Unguja, aliyewahi kuona kiti cha enzi kilivyosukwa mgongoni, atasimama pale dukani muda mrefu kuliko wenzake. Mimi nilisimama. Ukiniambia nichague kitu kimoja tu kwenye orodha nzima ya leo, nachukua hii, na sibembelezwi.

D.153.1, kochi la mtu mmoja, ya Ponti pia, ya mwaka 1953. Hii kiwanda cha Molteni ndio walioirudisha; tangu 2012 wanatoa samani zake kwa makubaliano na warithi wake. Shaba nyingi, inang'aa. Nzuri kwa nyumba yenye nafasi na isiyo na watoto wa kupaka vidole. Tusonge.

Sofa ya Camaleonda ndiyo iliyojaa kwenye simu zenu. Aliichora Mario Bellini, mwaka 1970, kwa hiyo vita vilishakuwa mbali, lakini inaingia. B&B Italia waliirudisha mwaka 2020, ikitimiza miaka 50. Watu wanapiga picha zile tumbo tumbo zake za kuvimba, hawainami kutazama chini, na chini ndiko kuna mambo: kiti ni mraba wa sentimita 90 kwa 90, na migongo na mikono inashikizwa kwa nyaya, kulabu na pete. Leo sofa, kesho kitanda cha mgeni, keshokutwa umeitenga vipande viwili mmegombana. Kwenye toleo jipya wamepanga matabaka ya ndani yaweze kutenganishwa ikifika siku ya kutupwa, na mimi ninayebeba magunia ya sponji chakavu kila mwezi nawapa mkono kwa hilo. Ila ipimeni sebule kwanza. Vipande vitatu tu, mlango umeziba.

Swali la mwisho, linalokuja kila mara: "Fundi, nipe kopi." Hapa Italia siwezi, na sitaki. Samani ikihesabiwa kuwa na thamani ya kisanaa, inalindwa mpaka miaka 70 baada ya kifo cha mchoraji. Zanuso alifariki 2001, hesabuni wenyewe. Waliotengeneza taa ya Arco, ile iliyochorwa na ndugu wawili Castiglioni mwaka 1962 yenye jiwe la marumaru chini, waliwashtaki walioingiza taa ya kufanana nayo kutoka China, na suala likafika mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya, ikatoa uamuzi mwaka 2011. Si mchezo.

Lakini fundi mwenzangu unayenitazama kutoka Tanga au Mombasa, sura ya Lady ina mwenyewe, ila kutengeneza mikono na mgongo mbali mbali, ukavifunga mwishoni, hakuna atakayekudai. Fikiria ngazi zile nyembamba za nyumba za Mji Mkongwe. Kochi lako likipanda vipande vipande, likafungwa juu kwa skrubu nane, na siku kitambaa kikichanika mkono mmoja mteja akakuletea huo mmoja tu kwenye bodaboda, umekula faida mara mbili. Jaribu kwanza kwa kochi lako la nyumbani, kabla ya mteja.

Basi, kesho naanza kukata sponji, na hiyo itakuwa video ya pili. Swali la ugumu wa sponji liacheni hapo chini nilijibu nikiwa na kipande mkononi. Ah, kitu kimoja. Mama mwenye kochi amepiga simu mchana, anasema nisiutupe ule mkanda uliokatika. Anataka niukunje niutie kwenye bahasha, niipigilie pini chini ya kiti, ndani ya kitambaa, atakayelifungua baada ya miaka 70 aukute. Bahasha hii hapa. Nimeandika tarehe, na jina la yule bibi wa mume aliyelinunua, kwa penseli, maana wino unafutika.