Vidonge vya mimea vya kolesteroli: vimeshusha kweli, ila nina hasira

Mnisamehe, bado moto haujanitoka. Miezi michache iliyopita niliingia duka moja la virutubisho Kariakoo, nikamwambia kijana wa pale mapema kabisa kwamba nina kolesteroli na kila usiku nameza atorvastatin ya hospitali. Akanijibu, "Mama, hivi changanya tu. Mimea mitupu, havina madhara." Nikatoa 80,000 yangu.

Nisimnyime haki yake: vilishusha. Kolesteroli mbaya ilitoka 4.4 ikafika 2.9, nikafurahi mpaka nikamnunulia na dada yangu kopo. Halafu mapaja yakaanza kuuma. Nikasema ni umri. Siku moja nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nazi imeisha, kuinuka siwezi. Mjukuu ndiye aliyenivuta.

Daktari akataka kuliona lile kopo. Stika ya Kiswahili akaibandua kwa kucha, taratibu, na chini yake yakatokea maandishi mengine: mchele mwekundu uliochachushwa. Akaniambia ukungu unaouchachusha huo mchele hutoa monakolini K, na hiyo ni lovastatin yenyewe, ndugu wa dawa yangu. Yaani nilikuwa nameza dawa mbili za jamii moja bila kujua! Misuli kuuma ni madhara yake yanayojulikana.

Nilitaka kuwaambia msiguse kirutubisho chochote cha mimea. Nitakuwa nadanganya, maana daktari huyohuyo kasema steroli za mimea, gramu 2 kwa siku, husaidia kweli. Lakini mwonyesheni daktari kopo kwanza, na stika mbandue.

Nilirudi dukani. Yule kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, si ulitaka kolesteroli ishuke? Imeshuka. Sasa unalia nini?" Mbele ya wateja! Mtoto wa kumzaa mimi! Pole hakuna, samahani hakuna. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mapaja.

Pembeni yangu kulikuwa na mzee kashika kopo lilelile, noti mkononi. Nikamwuliza, "Shikamoo baba. Kuna dawa za hospitali unatumia?" Akasema za moyo, na za kolesteroli. Nikamsimulia yote, palepale. Akarudisha noti mfukoni, kopo akaliweka juu ya kaunta.

Hapo ndipo kijana akaiacha simu.