Menyu imenenepa, chakula kimekonda

Mkahawa huu ulijipatia jina kwa vitu vinne tu: chipsi, kuku wa kukaanga, samaki wa kuchoma na supu. Menyu ilikuwa ukurasa mmoja, na wateja walisubiri bila kununa kwa sababu kilichofika mezani kilikuwa kimetoka motoni muda huohuo. Siku hizi menyu ni kijitabu chenye picha, na sahani inafika hata mikono haijakauka maji ya kunawa. Anayelijua jiko huanza kuingiwa na wasiwasi hapo hapo. Kipande cha kuku chenye mfupa kikikaangwa kutoka kibichi huchukua takribani dakika 12 hadi 15. Kikija baada ya dakika tano, basi kilishakaangwa zamani.

Na ndivyo kilivyo. Rangi ya ganda inavutia, lakini ukilibonyeza kwa uma halivunjiki, linajikunja tu, kwa kuwa mvuke wa nyama umelilowesha wakati kuku akisubiri. Pembeni kuna moto, karibu na mfupa kuna ubaridi. Hiyo ni kazi ya maikrowevu, ambayo haipashi sawasawa. Tusilichukulie kama suala la ladha peke yake: kuku anapaswa kufika nyuzi joto 74 katikati, akipikwa na hata akipashwa upya, na chakula kinachosubiri kuuzwa kisishuke chini ya nyuzi 60. Uvuguvugu ndio bakteria wanaoupenda.

Kinachosikitisha zaidi ni chipsi, maana ndizo zilizokuwa zikiwaleta watu. Zilikuwa za kukaangwa mara mbili. Kwanza kwenye mafuta ya nyuzi 150 hadi 160, dakika tano hivi, kiazi kiive ndani bila kubadilika rangi. Zikitolewa zinaachwa zipoe, kisha zinarudishwa kwenye nyuzi 180 hadi 190 kwa dakika mbili au tatu, zikauke na kuwa na ganda. Sasa zinapita mafutani mara moja tu: nje kahawia, ndani bado kiazi kinagoma, na chini ya sahani mafuta yametuama.

Tatizo la kwanza ni karai kujazwa kupita kiasi. Viazi vingi vya baridi vikiingia kwa mkupuo, joto la mafuta linaporomoka; viazi vinachemka badala ya kukaangika, na ganda linachelewa kushika. La pili ni mafuta yenyewe, yamechoka. Kupitia dirisha la kutolea chakula unayaona: meusi, mazito, yenye povu dogodogo lisilotulia hata baada ya viazi kutolewa. Mafuta yakitumika mno huanza kutoa moshi kwenye joto la chini kuliko yalipokuwa mapya, na uchungu wake unabaki kooni. Dirishani hapohapo utamwona mtu akinyunyiza chumvi kwenye kikapu kilichoning'inizwa juu ya karai. Nusu ya chumvi inatua mafutani, nayo, pamoja na makombo yasiyochujwa, huyaharibu mapema. Kuongeza mafuta mapya juu ya hayo ya zamani hakusaidii kitu. Yanamwagwa, karai linasuguliwa, ndipo mapya yaingie. Halafu chipsi zinanuka samaki, kwa hiyo karai ni moja kwa kila kitu.

Samaki mwenyewe kapitilizwa motoni: minofu mikavu, juu yake madonge meupe ya protini iliyokamuliwa na joto, na mchuzi mwingi wa kufunika makosa. Zamani hakuhitaji mchuzi.

Wahudumu hawana kosa. Ni wapole, na kuku akirudishwa jikoni hawabishani. Ila mbadala wake unakuja haraka kuliko hata yule wa kwanza, jambo lisilotia moyo.

Chanzo cha yote hayo ni kile kijitabu. Kila sahani inayoongezwa inadai maandalizi yake, nafasi yake kwenye friji na mtu wa kuisimamia. Zikiwa nyingi, kila moja inauzwa kidogo kidogo, jiko linalazimika kupika mapema na kupasha. Mwenye mkahawa akifuta nusu ya picha zile na kununua karai la pili, mpishi hatahitaji kufundishwa upya.

Kwa sasa kilichobaki salama ni supu. Bado ni nzito, bado ina ladha ya mifupa iliyokaa motoni saa nyingi, na haidhuriki kwa kusubiri maadamu sufuria haishuki moto. Ukitaka chipsi kwa lazima, agiza zisizo na chumvi. Zilizorundikwa tayari zimeshatiwa chumvi, hivyo itabidi wakukaangie nyingine. Kuhusu mafuta, utayakuta yaleyale.