Kulipia mtu akukosoe ramani ya nyumba: laki mbili na nusu tuliyotoa kabla ya kuchimba msingi

Kiwanja chetu kiko Kibada, Kigamboni, mita 20 kwa 30, na ramani tulikuwa nayo tayari, vyumba vinne, tumechorewa na kijana mmoja tuliyempata WhatsApp kwa laki tatu, ina picha za rangi nzuri kabisa, gari limepaki nje na majani ya kijani. Fundi alishatupa bei ya msingi, tofali tulishaanza kuulizia. Aliyenistua ni mama mkwe, maana yeye atakuja kukaa na sisi. Nilimuonyesha ile picha kwenye simu akaiangalia saaana halafu akaniuliza, "Mwanangu, mimi nikiamka usiku kwenda msalani napita wapi?" Nikaanza kumuelekeza kwa kidole, unatoka chumbani mama, unashika korido, unapita dining, unakata kushoto, na kabla sijafika mwisho nikanyamaza, kwa sababu mama magoti yanamsumbua na mimi nilikuwa namtembeza nusu ya nyumba usiku gizani.

Ushauri wa bure tulikuwa nao mwingi sana. Tuliiweka ramani kwenye grupu la familia, shemeji akataka kila chumba kiwe masta, mjomba akasema wekeni kabisa nguzo za ghorofa kwa ajili ya baadaye, dada yangu akasema sebule ndogo ongezeni. Nawashukuru wote kwa dhati ila kila mtu alikuwa anajenga nyumba yake yeye kwenye kiwanja chetu, na tukifuata yote hela inaishia kwenye linta. Ndo mume wangu akaulizia kazini akaelekezwa kwenye ofisi moja ndogo ya wasanifu majengo, iko Sinza, wanapitia ramani ya mtu hata kama hawakuichora wao. Jina sitaji kwa sababu nina ya kulalamika pia huko chini. Bei laki mbili na nusu, kikao cha saa mbili ofisini na kwenda saiti mara moja.

Kikao chenyewe kilianza tofauti na nilivyotegemea. Yule msanifu, kaka wa makamo, ramani aliikunja akaiweka pembeni akasema nisimulieni siku yenu, kuanzia mtu wa kwanza anaamka mpaka wa mwisho analala. Yaani karibu dakika arobaini ni maswali. Baba anatoka saa ngapi, kumi na moja alfajiri, anavalia wapi bila kuwasha taa ya chumba. Watoto watatu wanaoga wangapi kwa mpigo kabla basi la shule halijaja. Nani anapika, anapika na gesi au mkaa, nazi inakunwa wapi, samaki anakaangwa wapi, nguo zinaanikwa wapi, mtungi wa gesi utakaa ndani au nje. Wageni wa kiume wakija mnawakalisha wapi na wanaingiaje chooni bila kupita vyumbani. Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti kwa sababu kwetu sisi hilo ni jambo kubwa, na kwenye ramani yetu mlango wa choo cha wageni ulikuwa unatazamana na meza ya chakula, watu wanakula na mwenzao anatoka chooni. Akatuambia nyumba za zamani za mawe kule Lamu zilikuwa na daka pale mlangoni, yaani kibaraza cha kuingilia, na ukiingia unakata kona kwanza kabla hujaona ndani, hivyo anayebisha hodi hawaoni walioko ndani. Nyumba za siku hizi ukifungua mlango tu unaona mpaka jikoni.

Halafu ndo akaifungua ramani na akashika kalamu nyekundu.

Cha kwanza jua. Barabara kwetu iko upande wa magharibi, na mchoraji alikuwa ameweka masta mbele huko huko barabarani na dirisha kubwa la kioo, kwa sababu kwenye picha linapendeza. Akatuuliza mnajua jua la saa tisa mpaka magharibi linaingia wapi? Chumba cha kulala kingepigwa jioni nzima, na ukuta wa tofali za saruji unanyonya joto mchana halafu unalitema usiku, muda ule ule nyie mnatafuta usingizi. Na akasema paa likitokeza halisaidii sana upande huo maana jua la jioni linakuja chini chini, linapenya chini ya paa. Kinachosaidia ni kuweka huko vitu ambavyo havilali, baraza, stoo, choo cha wageni, na mti kama nafasi ipo. Masta akaipeleka nyuma kwenye kona ya kusini mashariki ambako upepo wa kusi unaingia kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa tisa, na akataka kila chumba cha kona kiwe na madirisha kwenye kuta mbili ili upepo uingie huku utokee kule. Dirisha moja peke yake, alisema, upepo unafika mlangoni unarudi.

Jiko ndo lilikuwa kosa baya zaidi kwangu mimi ninayepika. Mchoraji alilifanya la wazi, limeungana na sebule, tena lipo kusini mashariki. Kwa hiyo kusi ingechukua moshi wote wa mafuta na harufu ya dagaa na kuutembeza nyumba nzima kwa nusu mwaka. Tukalipeleka kaskazini, tukaliwekea ukuta na mlango, na nje yake kibaraza chenye kipaa kwa ajili ya jiko la mkaa na kukaangia, mtungi wa gesi unakaa hapo hapo nje na bomba linaingia ndani. Kaskazi ikivuma, kama Desemba mpaka Machi, moshi kidogo utarudi ndani, hilo alituambia wazi, hakuna kona inayokubaliana na pepo zote mbili, unachagua ile inayovuma muda mrefu.

Kuna hesabu moja aliifanya mbele yetu mpaka mume wangu akainuka kwenye kiti. Korido yetu ilikuwa mita 9 urefu, upana mita 1.2, zidisha, ni mita za mraba 10.8. Chumba cha watoto ni 3 kwa 3.3, yaani 9.9. Tulikuwa tunajenga korido kubwa kuliko chumba cha watoto, na korido nayo inakula jamvi (zege la sakafu), inakula tailizi, inakula bati na rangi kama chumba kingine chochote. Kwa kusogeza milango tu na kuvipanga vyumba kuzunguka nafasi ndogo ya katikati ikashuka mpaka mita za mraba 5.

Akatoa na futi kamba. Chumba cha wageni kilikuwa 3 kwa 3, kwenye karatasi kinaonekana kikubwa kwa sababu kitanda kilichochorwa ni kidogo, kimewekwa kama mapambo. Kitanda cha sita kwa sita ni karibu sentimita 183. Ukitoa kwenye mita 3 inabaki 117, kabati linachukua 60, umebakiwa na 57 ya kupita, na mlango wa kabati ukifunguka hupiti tena. Hiyo ni kabla hujafunga chandarua na kuweka begi la mgeni. Kwa hiyo nakushauri na wewe unayesoma, pima kitanda chako, kabati lako, friji lako, kwa futi kamba halafu nenda na hivyo vipimo, usikubali vitanda vya mchoraji.

Vingine nitaviruka haraka. Pembe za nyumba zilikuwa nyingi mno, kila pembe ni nondo na kazi ya ziada kwenye msingi na kwenye paa ni sehemu nyingine bati zinapokutana na maji kukusanyika, akazipunguza karibu nusu. Vyoo vilikuwa vimetawanyika, kimoja kila upande, akavisogeza vikaribiane mabomba yasizunguke nyumba. Na sisi ni Waislamu, kwa Dar kibla kipo karibu kaskazini kabisa, na vyoo viwili kati ya vitatu vilikuwa vimeelekezwa huko, akavigeuza vitazame mashariki na magharibi. Hili sikulisema mimi, aliuliza mwenyewe, na niliridhika sana. Pia aliuliza kisima cha jirani kiko wapi kabla ya kukubali sehemu ya shimo la choo, swali ambalo kusema kweli hakuna mtu alikuwa ameliuliza, si fundi si sisi.

Siku ya saiti ndo siku ambayo ningelipia hata peke yake. Alikuja na vigingi, kamba na mfuko wa chokaa, wakaichora nyumba chini kwenye mchanga kwa vipimo vyake halisi, kuta zote, milango ikaachwa wazi. Mama mkwe tulikuja naye. Msanifu akamuamkia, "Shikamoo mama, karibu chumbani kwako," mama akaitikia marahaba akaingia kwa kupitia sehemu ya mlango, hakukanyaga chokaa kabisa, tukamuwekea kiti cha plastiki akakaa. Akakaa kimya akizungusha macho. Halafu akauliza dirisha liko upande gani, akaonyeshwa upande wa mashariki, akasema, "Mimi nataka nikikaa kitandani nione geti, nijue watoto wamerudi." Jamani, kwenye vikao vyote hakuna aliyefikiria hilo. Tukabadilishana chumba chake na cha wageni hapo hapo, kamba zikahamishwa, sasa yuko mbele upande wa geti na dirisha lake ndani ya kivuli cha baraza kwa ajili ya lile jua la jioni. Choo chake kina mlango ndani ya chumba, upana sentimita 90 badala ya 70 zilizokuwepo, kwamba hata ikifika siku ya kiti cha magurudumu apite. Pale mbele badala ya ngazi peke yake kutakuwa na mteremko pia. Sakafu itainuka sentimita 45, na kwa kila sentimita ya kupanda unatakiwa uwe na sentimita 12 za kwenda, kwa hiyo mteremko ni mita 5.4, mrefu kuliko nilivyodhani, na kama tusingeujua mapema tungekuwa tumeshapanga pale pa kupaki gari.

Watoto walikimbia kwenye zile kuta za chokaa mpaka jioni, na mdogo alituambia chumba chao kina mwangwi.

Sasa malalamiko. Nauli ya kuja saiti, elfu arobaini, tuliambiwa asubuhi ya siku yenyewe, haikuwa kwenye makubaliano na hilo halikunipendeza hata kidogo. Walisema majibu ya maandishi yatatoka ndani ya siku tano, yakatoka baada ya wiki mbili na simu tatu, na fundi yupo anasubiri. Kilichotoka ni ramani yetu ile ile kubwa imejaa kalamu nyekundu na kurasa mbili za maelezo, mwandiko sehemu nyingine hausomeki, sio ramani mpya. Kuchorewa upya ni bei nyingine kabisa, sisi tukarudi kwa yule kijana wetu kwa laki moja nyingine akairekebisha kwa kufuata maelezo, na alifanya vizuri, sina ubaya naye, alichora alichoambiwa achore. Na jambo lingine, kwa saa nzima ya kwanza msanifu alikuwa anamuangalia mume wangu hata anapoulizia jiko. Mume wangu ndo alimwambia bosi muulize mke wangu, mimi jikoni naingia kunywa maji. Baada ya hapo alibadilika, lakini isingetakiwa aambiwe.

Mjue pia kile ambacho huduma hii haina. Hawakutupa gharama za ujenzi, hiyo ni kazi ya mkadiriaji majenzi. Nondo na nguzo hawakugusa, ni za mhandisi. Kibali cha ujenzi unakifuata mwenyewe halmashauri na masharti ya kuacha nafasi kutoka mpakani unayapata huko huko, walituonyesha tu kwamba upande mmoja tumebana sana. Na kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita msanifu muulize usajili wake AQRB, hiyo ndo bodi inayosajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, ukimuuliza akakasirika basi umeshapata jibu.

Mimi nawapa nne kwa tano. Hiyo moja nimeitoa kwa ile nauli na zile wiki mbili.

Jambo pekee ambalo bado hatujakubaliana nyumbani ni paa. Mume wangu anataka lile la kuficha bati, msanifu akamwambia kwa ukanda wa pwani atajuta, mifereji ya ndani ikiziba majani maji yanaingia ukutani na kuta hazina kivuli wala kinga ya mvua. Mimi nipo na msanifu. Msingi umeshafungwa, wiki ijayo tunamwaga jamvi, hivyo tunayo miezi kama miwili ya kuendelea kuongea. Mama mkwe ameshanunua pazia la dirisha lake.